Sura ya Sita: Saa Isiyo na Magari

Profesa Fikri Shalabi aliingia na funguo za gari mkononi, kama mtu aliyehakikishiwa kwamba hatakawishwa. Aliketi kabla ya kukaribishwa.

"Ramadhani karimu, Mheshimiwa."

"Mungu ni karimu zaidi," Demiana Ghatas alimjibu, akamwashiria karani wake, Shaaban, aanze kuandika.

Huu ulikuwa mwaka wa tisa wa Demiana kuendesha mashtaka ya watumishi wa umma jijini Kairo, na hakupenda mashauri ambayo ushahidi wake wote ulikuwa hewa. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa picha iliyochorwa na kompyuta: ulimi wa gesi ya salfa ukitoka katika dohani ya kiwanda cha asidi cha Nasim na kulala juu ya mtaa wa Izbat Sawaqi, Jumanne ya wiki ya kwanza ya Ramadhani, saa ya futari. Ya pili ilitoka katika kituo cha kupima hewa kilichosimama mtaani humohumo. Ilisema kwamba Jumanne hiyo hewa ilikuwa safi.

Jioni ile watu walioketi kwenye meza ya sadaka, chini ya ukuta wa kiwanda, waliinuka kwenye sahani zao wakikohoa. Zaidi ya thelathini walipelekwa hospitali. Muuza mablanketi aitwaye Sabri Abu Dif hakurudi. Mtafiti kijana wa maabara ya hewa, Rabab Sallam, aliiuliza kompyuta gesi ilitoka wapi, akapata picha ile. Mkuu wake, ndiye huyu Profesa, alimshtaki kwamba ameghushi. Ripoti ya Demiana ilitakiwa Alhamisi. Ikikubaliana na Profesa, jalada la Rabab lingepelekwa mahakama ya jinai, na kifo cha Sabri kingebaki bila shahidi.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyesomea sheria," Demiana alisema.

"Modeli ni mji wa kuigiza." Profesa alijiegemeza kitini. "Unaukata mji vipande kama keki ya basbusa kwenye sinia. Kila kipande unakiambia kina moshi kiasi gani, upepo unatoka wapi, jua ni kali vipi. Kompyuta inapika. Ukiiwekea chumvi nyingi, utakula chumvi. Kifaa cha kupimia hakipiki, Mheshimiwa. Kinaonja tu."

"Na Rabab aliweka chumvi?"

"Kwa mkono wake mwenyewe." Alitoa karatasi mkobani, akaisukuma mbele. "Hii ni ratiba ya magari, yaani barabara zinajaa saa ngapi na kupungua saa ngapi. Modeli inakuja nayo, na dunia nzima inaitumia. Yeye ameifuta akaandika ya kwake. Mtafiti anayegusa hiki bila kibali, atashindwa kugusa kipi?"

Demiana aliisoma ratiba, akaiweka kando.

"Data za kituo za Jumanne ile zilisahihishwa siku mbili baadaye. Kwa neno lako la siri."

"Bila shaka. Kifaa cha salfa kilikuwa kimehama sifuri. Ni kama mizani inayosoma nusu kilo na sahani tupu. Unaiondoa ile nusu kilo, basi. Kila maabara inafanya."

"Ulisahihisha nini na nini?"

"Salfa peke yake."

"Ozoni? Moshi wa magari?"

"Sikuvigusa. Vingine vyote ni kauli ya kifaa chenyewe."

"Karani ataandika maneno hayo, nawe utayatia sahihi."

"Hata mara mbili."

"Mara moja inatosha. Dohani ya Nasim ilipewa kibali kwa utafiti wa nani?"

Kwa mara ya kwanza Profesa alizitazama funguo zake. "Wangu. Miaka mitatu iliyopita. Haikuwa siri."

"Uliandika kwamba moshi wake hautafika Izbat Sawaqi."

"Niliandika, na ndivyo ninavyosema hadi leo."

Alitia sahihi, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Shaaban aliipuliza karatasi wino ukauke, ingawa kalamu yake haikuwa ya wino wa kukauka.

"Huyu bwana hana njaa," alisema.

"Umejuaje?"

"Sahihi yenye mikia mitatu, alasiri hii? Mwenye saumu hana nguvu hizo."

"Mimi niko kwenye Kwaresima na bado natia sahihi."

"Wewe umefungiwa jibini na nyama, Mheshimiwa. Mimi nimefungiwa sigara. Usitulinganishe."

*

Familia ya Sallam iliishi ghorofa ya nne, upande wa kaskazini, upande ambao kila mpangaji wa Kairo huutamani kwa sababu ya upepo wake. Mama wa Rabab alikuwa akiviringisha mchele ndani ya majani ya kabichi, vidole vikienda vyenyewe, macho yakiwa kwa wageni.

"Profesa amemfundisha kazi miaka minne," alisema. "Eid alikuwa anatuletea biskuti. Leo anamwita mwongo."

"Mama, waache waulize," Rabab alisema.

Alikuwa msichana mwembamba, aliyeketi wima kama mtahiniwa. Demiana aliamua kuanza na lililokuwa zito zaidi.

"Ratiba ya magari katika modeli. Uliibadilisha kwa mkono?"

"Ndiyo."

"Kwa kibali cha nani?"

"Sikuomba kibali."

Kalamu ya Shaaban ilisimama. "Fikiri kwanza, binti yangu. Hili linaandikwa."

"Nimefikiri, amu. Hata mwaka jana niliibadilisha. Na mwaka juzi."

"Kwa nini?" Demiana aliuliza.

"Kwa sababu watu wanakula."

Mama alicheka peke yake, kisha akanyamaza alipoona hakuna aliyemfuata. Rabab alivuta karatasi, akachora mstari wenye vilima viwili.

"Ratiba inayokuja na modeli ilitungwa kwenye miji ambayo watu wanatoka kazini saa zilezile mwaka mzima. Hiki ni kilima cha asubuhi, hiki cha jioni. Kwa hiyo inaamini kwamba jua linapozama barabara zetu zimejaa. Mwezi huu, saa ile, hupati hata teksi ya kukukanyaga. Nisipoibadilisha, kompyuta inajaza Kairo magari ya majini."

"Na majini wenyewe wamefungwa minyororo Ramadhani hii," Shaaban alisema.

"Ndiyo hivyo, amu. Kwa hiyo nakisogeza kilima. Msongamano unakuja mapema, watu wakikimbilia nyumbani. Halafu shimo, kama saa nzima. Halafu unarudi hadi daku."

"Na ukikosea hapo, gesi ya salfa inabadilika?" Demiana aliuliza.

"Hapana. Salfa ni ya kiwanda. Haijui kama kuna gari au hakuna."

"Basi kwa nini ujisumbue?"

"Kwa ajili ya ozoni." Alisema kama mtu anayetaja jirani. "Moshi wa gari, ukiwa mbichi, unakula ozoni. Siku ya kawaida, jua likizama na magari yakijaa, ozoni inaporomoka kama jiwe kisimani. Ramadhani kwenye futari hakuna wa kuila. Inasimama kidogo, kama mtu aliyepumzika kwenye ngazi. Magari yakirudi, inaendelea kushuka. Modeli yangu ikikosa ile ngazi, najua nimekosea, hata kama sehemu nyingine zote zinapendeza."

"Profesa anajua habari ya ngazi hiyo?"

"Nilimwonyesha mwaka jana. Alisema ni mapambo." Aliuinamia mchoro wake. "Pengine hakutazama."

Demiana alikunja daftari. Mama akafuta mikono.

"Kaeni mfuturu. Imebaki kama saa moja tu."

"Nina mfungo wangu, mama."

"Mahshi hii haina nyama wala samli. Mchele mtupu. Nawajua Wakopti, nimekua nao ngazi moja."

"Sheria hainiruhusu kula kwa mtuhumiwa."

"Sheria hiyo," mama alisema, akirudia majani yake, "aliitunga mtu aliyeshiba."

*

Demiana alimfikisha Shaaban kwake baada ya kupita kati ya magari yaliyokuwa yakipigiana honi kama yanayokimbia mafuriko. Madereva walipanda kingo za barabara. Mvulana mmoja aliwarushia tende dirishani, kwa yeyote ambaye adhana ingemkuta njiani. Kisha mzinga wa futari ukalia, na mji ukafungwa kama duka.

Demiana aliendesha peke yake kuvuka daraja. Saa hii aliijua tangu utotoni: baba yake alimfundisha kuendesha gari katika saa hii, Ramadhani baada ya Ramadhani, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo msichana asiyejua kukanyaga breki angeweza kupita Kairo bila kuua mtu. Taa ilikuwa nyekundu. Alisimama, ingawa mbele na nyuma hapakuwa na chochote ila paka.

Alichukua mkoba kwenye kiti cha pili, akatoa karatasi ya kituo cha Izbat Sawaqi. Hadi leo alikuwa ametazama mstari wa salfa peke yake, kama kila mtu. Sasa aliutafuta mstari wa ozoni, akaufuata kwa kidole hadi jua la Jumanne ile lilipozama.

Uliporomoka kama jiwe kisimani.

Aliutazama mstari wa moshi wa magari. Ulipanda palepale ozoni ilipoanguka. Kwa mujibu wa karatasi ile, Izbat Sawaqi ilikuwa imejaa magari katika saa ambayo Misri nzima ilikuwa imeinamia sahani. Taa iligeuka kijani, ikarudi nyekundu. Demiana hakuondoka.

Alijiwekea maelezo matatu. Ya kwanza, kifaa cha ozoni kilikuwa kibovu. Ya pili, jambo lisilo la kawaida lilileta magari mtaani jioni ile. Ya tatu, karatasi haikuwa ya Jumanne ile.

Kesho yake asubuhi aliomba data za wiki nzima. Jumatatu, mstari wa ozoni ulipumzika jua lilipozama, kisha ukaendelea kushuka. Jumatano vivyo hivyo, na Alhamisi pia. Ni Jumanne peke yake iliyokosa ngazi. Maelezo ya kwanza yalianguka hapo. Kuhusu ya pili aliwauliza wauguzi wa magari ya hospitali yaliyokuwa ya kwanza kufika. Walimwambia kwamba hawakuwahi kufika mahali upesi namna ile, kwa kuwa njia ilikuwa tupu.

Yakabaki ya tatu. Kama karatasi ilikuwa ya siku nyingine, ilikuwa siku ya aina gani? Alijiweka mahali pa mtu anayetafuta mbadala. Mtu huyo angetaka hali ya hewa inayofanana: baridi ya mwisho wa majira, upepo wa kaskazini. Angetaka Jumanne, kwa sababu Jumanne hufanana na Jumanne. Angetaka siku ambayo kiwanda kilitulia. Demiana aliagiza nakala za mwaka jana kutoka ofisi iliyo nje ya maabara, akamwambia Shaaban aanze na Jumanne za wiki zilezile.

"Zote?" Shaaban aliuliza.

"Mpaka upate mapacha."

Aliwapata kabla ya adhuhuri.

*

Mwaliko wa futari hukataliwa kwa shida, na mwaliko uliotolewa mbele ya mashahidi haukataliki. Jumatano jioni Profesa Fikri alifika katika kituo cha Izbat Sawaqi akiwa na kasha la katayif, vitafunio vitamu vya Ramadhani, kwa heshima ya wenyeji. Kituo kilikuwa kibanda cha bati kando ya barabara, chenye mirija juu ya paa na kioo kimoja chenye namba ndani. Shaaban alikuwa ametandika gazeti juu ya kreti, akapanga tende, bakuli la maharage ya ful na chupa ya maji ya ukwaju. Ng'ambo, chini ya ukuta wa kiwanda, meza ya sadaka ilikuwa imetandikwa tena. Walioketi walikuwa wachache kuliko viti.

"Nimeambiwa mnahojia watu ofisini," Profesa alisema. "Hapa ni pikiniki?"

"Ofisini hakuna kifaa," Demiana alisema. "Ulisema chenyewe hakipiki, kinaonja. Nimependa tuonje pamoja. Ozoni ni ngapi sasa?"

Profesa alitazama kioo. "Thelathini na moja."

Nje, basi la mwisho lilipita mlango ukiwa wazi, abiria wananing'inia. Adhana ilianza msikiti wa mbali, ikadakwa na wa karibu. Shaaban alisema bismillahi, akaweka tende mdomoni na kufumba macho. Pikipiki moja ilikimbia, ikakata kona. Baada yake barabara ilibaki na karatasi zilizopeperuka.

Demiana alisubiri. Profesa alishika tende lakini hakuila.

"Na sasa?"

"Thelathini na moja."

"Endelea kutazama."

Walikaa. Kutoka ng'ambo zilisikika sauti za vijiko.

"Thelathini," Profesa alisema hatimaye, bila kuulizwa.

Demiana aliifungua karatasi juu ya kreti. "Jumanne ya Sabri Abu Dif, saa hii, kituo hikihiki, karatasi yako inasema nne."

Profesa hakuiangalia. "Meza ya sadaka, Mheshimiwa. Wafadhili wanakuja na magari, wanaacha injini zinanguruma. Ndiyo hiyo ozoni yako."

"Jumatatu meza ilikuwapo. Jumatano, walionusurika walikula palepale. Siku zote hizo ozoni ilisimama." Alitoa karatasi ya pili. "Hii nayo ni Jumanne, ya mwaka jana. Ya mwisho kabla ya Ramadhani."

Alizibana karatasi mbili pamoja, akaziinua mbele ya mwanga wa kioo. Mstari wa salfa ulilala juu ya mwenzake. Ozoni ililala juu ya ozoni, moshi juu ya moshi, hadi vikwaruzo vidogo vya alfajiri ambavyo havifanani hata kwa ndugu wa tumbo moja.

"Ulinieleza kwamba uligusa salfa peke yake, na kwamba vingine ni kauli ya kifaa. Sahihi yako ninayo."

Shaaban aliacha kutafuna. Profesa alichukua karatasi zile kutoka mikononi mwa Demiana, akazitazama kwa muda mrefu, jinsi mwalimu anavyotazama jibu la mwanafunzi akitafuta lilipoanza kukosea.

"Ningeweza kupunguza namba moja moja," alisema. Sauti yake ilikuwa ya darasani. "Lakini namba zilizopunguzwa zinaonekana. Siku nzima ya kweli huonekana ya kweli. Nilitafuta baridi ileile, upepo uleule, Jumanne kwa Jumanne. Nilikagua salfa saa baada ya saa."

"Najua."

"Sikuwa natazama ozoni. Nani hutazama ozoni kwenye kesi ya salfa?"

"Mtu aliyesogeza kilima cha magari kwa mkono, bila kibali."

Profesa alizirudisha karatasi juu ya kreti, akazinyoosha kwa kiganja. Mwaka jana wiki ile mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaandama, na jua lilipozama barabara zilijaa magari kama kawaida. Alikuwa mtu aliyefunga tangu utotoni, na hilo ndilo aliloshindwa kulitafuna.

"Kwa nini, Profesa?" Demiana aliuliza.

Alitazama mlangoni. Dohani ya Nasim ilikuwa imesimama juu ya ukuta, na moshi wake mwembamba, baada ya kupanda kidogo, ulikuwa umelala kuelekea mezani kwa watu.

"Niliandika kwamba hautafika," alisema.

Demiana alimgeukia karani wake. Shaaban alikuwa na kalamu mkono mmoja na tende mkono wa pili.

"Niandike, Mheshimiwa?"

"Kula kwanza, amu. Profesa naye ale. Asije kesho kusema alihojiwa akiwa na njaa."

Walikula. Profesa alikula tende moja, kisha, polepole, ya pili. Demiana aliumega mkate, akachovya ful isiyo na samli. Teksi ya kwanza ilipita, na nyuma yake gari la mizigo, na nyuma yake mabasi mawili yakifukuzana. Namba kwenye kioo ilikuwa ishirini na mbili, ikawa kumi na tisa, ikaendelea kushuka.

Shaaban alifuta vidole, akafungua ukurasa mpya. Mahali pa mtuhumiwa aliandika Fikri Shalabi, kwa herufi kubwa, bila mikia.

"Na jalada la yule binti?"

"Kesho nalifunga," Demiana alisema. "Ila mpigie mama yake usiku huu. Muulize kama ile mahshi imebaki."